Yule mtoto wa kwenye kadi

Tanga

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu na hiyo mashine yako ya kuchapia ambayo nasikia imeanza tena vituko.

Kadi ya harusi uliyonitumia nimeiona. Waniuliza yule mtoto mnene, uchi, mwenye mabawa na upinde, ni malaika wa dini gani, maana mama wa bibi harusi kagoma kulipa mpaka ajibiwe. Mwambie si malaika hata kidogo. Ni mungu wa kale wa Wagiriki, Eros, ambaye Warumi walimwita Cupid.

Wala hakuanza akiwa mtoto. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa miaka kama 2,700 iliyopita, anamtaja miongoni mwa wa kwanza kabisa kuwapo, sambamba na Dunia yenyewe, Zeus, mfalme wa miungu, hajazaliwa. Anamsifu kwa uzuri, na papo hapo anasema hulegeza viungo na kuzishinda akili za miungu na za watu. Kule Thespiae, mji wa Ugiriki walikomwabudu sana, sanamu yake ya zamani kuliko zote ilikuwa jiwe tu, halijachongwa. Baadaye ndipo akafanywa mwana wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, akachorwa kwenye vyungu kama kijana mwembamba mwenye mabawa, na karne zilivyokwenda akawa anapungua umri badala ya kukua. Warumi walipomchukua alikuwa keshakuwa kitoto. Nadhani watu walikuwa wanajipunguzia woga.

Na sababu ya kumwogopa ilikuwapo. Ovid, mshairi wa Kirumi, anasimulia kwamba mungu Apollo alikuwa ametoka kumuua joka Python, kifua mbele, akamkuta Cupid na upinde wake, akamcheka: silaha za wanaume wewe za nini? Mtoto hakubishana. Alichomoa mishale miwili, mmoja wa dhahabu wenye ncha kali, mwingine butu, wa madini ya risasi. Wa dhahabu akampiga Apollo, akawaka mapenzi. Ule butu akampiga Daphne, binti wa mto Peneus, naye akawa hataki hata kulisikia jina la mwanamume. Basi huyu anakimbia, yule anafukuza, mpaka binti akamlilia baba yake amwokoe. Ngozi ikageuka gome, nywele majani, mikono matawi. Apollo akaukumbatia mti, na hata huo mti ukawa unazikwepa busu zake. Kadi zenu huchora mshale mmoja. Ule wa risasi sijauona kwenye kadi yoyote.

Tena Virgil, mshairi mwingine wa Kirumi, anasema Cupid alijigeuza mtoto wa Aeneas, shujaa wa Troy, akapakatwa na Dido, malkia wa Carthage, huko iliko Tunisia leo. Kupakatwa tu! Malkia akampenda Aeneas, akaachwa, akajiua kwa upanga wa huyo huyo mwanamume. Cupid huyo ndiye mnayemweka kwenye mwaliko wa harusi.

Ila naye aliwahi kunaswa. Apuleius, aliyezaliwa Madauros katika Algeria ya sasa, aliandika habari hiyo katika karne ya 2. Binti mmoja, Psyche, alikuwa mzuri mno hata watu wakaacha kumwabudu Venus, mama yake Cupid, ambaye ndiye Aphrodite wa Warumi. Mama akamtuma mwanawe amfanye yule binti ampende mtu duni kuliko wote. Mwana akampenda yeye mwenyewe. Akawa anamjia usiku kwa usiku, kwa sharti asimwone sura. Dada zake Psyche wakamtia maneno, akawasha taa, tone la mafuta ya moto likamwangukia mume begani, akaruka akaenda zake. Hapo Psyche akaangukia mikononi mwa mavyaa, na unamjua mavyaa akiwa na kinyongo: alimmwagia lundo la ngano, shayiri, dengu, maharage na nafaka nyingine, vyote vimechanganywa, avitenge kabla ya usiku. Sisimizi wakamhurumia, wakamtengea. Kazi zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi, lakini mwisho Jupiter, ndiye Zeus wa Warumi, akampa kinywaji cha kutokufa, wakaoana kwa karamu.

Kwa hiyo kama mama huyo bado hamtaki mtoto wa uchi, mtoe. Weka kipepeo: wachongaji wa kale walimpa Psyche mabawa ya kipepeo, na huyo hana upinde. Nadhani hapo atalipa, na ukubakiza kadi tupu nitumie chache, nina shughuli ya mdogo wangu mwezi ujao.

Wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Saumu