Punguzo la kodi, nani atalilipia?

Mhariri,

Huku Kansas kampeni za ugavana zikipamba moto, lazima mtu aahidi kupunguza kodi. Sawa, nani hapendi? Lakini tuliosomesha watoto hapa hatujasahau 2012, Gavana Sam Brownback alipowafutia wenye biashara wengi kodi ya mapato. Hazina ikakauka, na 2015 kuna shule zilizofunga mapema kwa ukata. Mwaka 2017 bunge la jimbo, lililojaa watu wa chama chake mwenyewe, likazirudisha kodi hizo licha ya yeye kuipinga sheria hiyo kwa kura ya turufu.

Sipingi kila punguzo. Tangu Januari 2025 risiti yangu ya unga na maharage haina tena kodi ya jimbo, imebaki ya mji na kaunti tu. Ila mgombea akija na punguzo lingine, aseme pengo ataliziba na nini.

Msomaji wenu,
Wichita, Kansas