Asante fundi wa Mikumi uliyenitengenezea propela

Kaka fundi, jina lako hukunitajia, ila watu wajue ulichonifanyia.

Hilux yangu ikifika kilomita 80 kwa saa ilikuwa inatetemeka kuanzia chini ya kiti, na kila gereji niliyopita waliishia kubalansi magurudumu. Wewe uliomba kwanza tuliendeshe. Ukaniambia nitoe gia gari likiwa kwenye mwendo. Mtetemo ukabaki, ukasema injini haina kosa. Usukani ulikuwa umetulia, basi ukaachana na magurudumu ya mbele, ukaingia uvunguni. Ukaishika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, kwa mikono miwili, ukaitikisa: krosi ya nyuma, yaani kiungo chake chenye umbo la msalaba, inacheza, na vikombe vyake vinatoa unga mwekundu wa kutu. Kabla ya kulegeza bolti hata moja ulichora alama ya rangi kwenye flenji (sahani ya kufungia bolti) ya propela na ya difu, yaani boksi la gia la ekseli ya nyuma, ili irudi ilivyokaa. Hapo nikajua nimepata fundi kweli.

Uliposikia tunawahi msiba Iringa, ukachukua hela ya krosi tu, ufundi ukasamehe.

Mafundi mnaosoma, liendesheni gari la mteja kabla ya kushika spana. Kaka, maziko tuliyawahi. Mungu akuzidishie.