Kabla hujatuma hela ya urea

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Mvua imetufaa, karanga zina wiki sita na zimeanza kutoa maua. Mdogo wako anakusalimia, anasema deni lake hajalisahau.

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema msimu ujao tuachane na karanga na kunde, shamba lote liwe mahindi, nawe utatuma hela ya mifuko minne ya urea. Nimekuelewa, baba. Ila leo asubuhi nimefanya kitu ambacho ningependa ungekuwepo ukione.

Nimechimba shina moja la karanga kule chini ya mwembe. Sikulivuta, maana ukivuta mizizi midogo inabaki ardhini. Nililizungushia jembe, nikalizamisha na udongo wake kwenye ndoo ya maji, nikaliacha hadi udongo ukajitoa wenyewe. Mizizi imejaa vinundu kama punje za uwele. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama nyama.

Nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka aibu yangu ya mwaka wa kwanza kazini. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, bibi shamba mwenye daftari jipya. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima ana kunde zenye mafundo mizizini, nikamwambia ni minyoo fundo, ang'oe zote achome moto. Alishang'oa nusu shamba mkubwa wangu alipopita. Akachuna fundo moja kwa kidole, likabanduka zima. Fundo la minyoo halibanduki hivyo, kwa kuwa mzizi wenyewe ndio unaovimba. Yule mama hakusema neno, alinipa tu maji ya kunywa. Heri angenitukana.

Vile vinundu ni nyumba za bakteria, na ni mmea wenyewe uliowaita. Mzizi wa kunde au karanga hutoa kemikali zinazoitwa flavonoidi. Bakteria wanaohusika wakizipata, nao hujibu kwa kemikali yao, na mzizi ukitambua jibu hilo unawafungulia. Kwenye kunde, kinyweleo cha mzizi hujikunja kama ndoano kikawakumbatia. Kwenye karanga wao hupenya kwenye upenyo unapochipukia mzizi wa pembeni. Wakishaingia wanalishwa chakula kinachotokana na sukari iliyotengenezwa na majani, na wao wanaitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kitu ambacho mmea unaweza kula. Hewa tunayovuta, sehemu 78 kati ya 100 ni naitrojeni, lakini mmea peke yake hauwezi kuigusa. Ule wekundu ni ndugu wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Hushika oksijeni isizagae, maana ikizidi humo ndani kazi ya bakteria inaharibika. Ukipasua kinundu ukakuta cheupe au kijani, ujue hakifanyi kazi. Na mmea si mjinga: kwenye soya imeonekana kwamba kinundu kisicholeta kitu hupunguziwa oksijeni mpaka bakteria wake wanadhoofika.

Sasa ukimwaga urea kwenye karanga, mmea unaona naitrojeni ipo tele, kwa nini ugharimie wageni? Vinundu vinakuwa vichache.

Utasema, mama, mimi nimezungumzia mahindi. Haya, mahindi hayana vinundu, lakini nayo yanaita. Yanaita kuvu. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, zinaingia mzizini na kutambaa mbali kwenye udongo ambako mzizi haufiki, zinaleta fosforasi. Fosforasi haitembei. Mzizi ukishamaliza iliyo jirani yake, umekwisha. Malipo ya kuvu ni sukari na mafuta ya mmea.

Kemikali ya wito huo inaitwa strigolaktoni, na kadiri mmea unavyokosa fosforasi ndivyo unavyoitoa kwa wingi. Shida ni kwamba kuna mwingine anayeusikia wito, naye ni gugu liitwalo kiduha. Mbegu yake ni kama vumbi, inaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi, na haiamki mpaka ihisi mzizi uko karibu. Ikiamka inang'ang'ania mzizi na kunyonya. Unapoona ua lake la zambarau, mahindi yameshaliwa chini kwa chini wiki nyingi. Ndiyo maana luseni yetu, ile ardhi ya kichanga ya juu, iliyochoka kuliko mashamba yote, ndiyo inayoongoza kwa kiduha. Mahindi yenye njaa yanapiga kelele sana, na mwizi anasikia.

Lililonishangaza nilipolisoma ni hili: kemikali ya kwanza ya aina hiyo ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba. Pamba! Sisi Wasukuma tumelima pamba miaka yote hiyo, kumbe mizizi yake inakiamsha kiduha, kikitafuta pa kunyonya hakipati, kinakufa. Karanga na kunde nazo zinafanya hivyo. Babu yako alipobadilisha mazao kila msimu hakuwa anabahatisha, ingawa sababu hakuijua. Wala nisikudanganye kwamba msimu mmoja unatosha, kwa mbegu zinazolala kiasi kile.

Basi hela tuma, ila iwe ya mifuko miwili ya urea, ya kukuzia mahindi ya bondeni. Nyingine nimkodi mwenye mkokoteni asombe samadi ya zizini aipeleke luseni. Huko juu nitapanda pamba, na pembeni karanga. Mahindi yatarudi baadaye. Na majani ya karanga safari hii mbuzi hawayagusi, wakila yote mahindi yatakayofuata yatarithi nini?

Ukija mwisho wa mwezi nitakuchimbia shina jingine, hili la leo limeshaanza kusinyaa kwenye ndoo. Njoo na miwani yangu, niliisahau kwako juu ya friji.

Mama yako