Kaka anauliza kama nimekuja kusoma au kupanda milima

Shikamoo Shangazi,

Kunakaribia kupambazuka na sijapata hata lepe la usingizi. Ijumaa natakiwa niwe nimezijibu kampuni zote mbili. Nakuomba unisome mpaka mwisho, maana kwetu kila mtu ameshanihukumu.

Nimepata nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo hapa Marekani kwa majira haya ya joto, moja Houston, Texas, na nyingine Denver, Colorado. Houston wanalipa vizuri zaidi, halafu kaka yangu anaishi huko na mkewe, kwa hiyo chumba kipo, chakula kipo, kodi silipi. Denver malipo ni madogo na itabidi nipange. Najua utakachosema. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaipiga. Lakini kuna neno kaka alilisema, na mpaka leo limenikaa kooni.

Nilimwandikia kwamba naegemea Denver kwa sababu milima iko karibu. Hakunijibu mimi. Alikwenda kwenye kundi la WhatsApp la familia, mbele ya mama, mama wadogo na wajomba, akaandika: "Jamani, huyu tumempeleka kusoma au kupanda milima?" Wifi akaweka vikaragosi vya kucheka, mstari mzima. Mama mdogo akasema niwaonee huruma wanaonilipia. Mama hakuandika kitu, ila nikaona amesoma.

Kusoma au kupanda milima! Kana kwamba nimeacha chuo. Matokeo yangu kaka anayajua, kila muhula namtumia. Na isitoshe, nasomea uhandisi wa maji. Kazi ya Denver inahusu theluji ya milima ya Rocky inavyoyeyuka na kuingia mitoni. Ya Houston ni kukaa na takwimu za mabomba ya mafuta. Hilo kwenye kundi sikulisema, maana ningeonekana najitetea.

Lakini sitaki kukudanganya, Shangazi, milima yenyewe naitaka. Mwaka wa kwanza hapa nilikuwa nashinda chumbani nimejifunika blanketi, mpaka msichana mmoja wa bwenini akanivuta kwenye chama chao cha wapanda milima. Tangu hapo nalala, nakula, nasoma vizuri. Kwa nini hilo lihesabike ni anasa?

Na siendi kichwakichwa. Denver yenyewe iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari lakini imekaa kwenye tambarare, milima inaanza magharibi yake. Sina gari, ndiyo, kaka amelisema hilo kama ushahidi mahakamani. Kuna treni ya mjini inayofika Golden, pale vilima vinapoanzia. Hifadhi ya Rocky Mountain ni kama saa moja na nusu kwa gari, na kiangazi lazima uweke nafasi ya saa ya kuingia. Nalijua hilo. Mlima Bierstadt una mita 4,287, na wanaoanza wengi huanza na huo. Unaondoka gizani, ili ifikapo adhuhuri uwe umeshashuka, kwa sababu Julai na Agosti mchana radi hupiga kule juu na hakuna hata mti wa kujificha. Nilipomweleza kaka haya ili aone kwamba nimejiandaa, alichokisikia ni radi tu. Kesho yake mama ananipigia analia.

Houston siyo kwamba naidharau. Nimekimbia mazoezi kando ya mto pale Buffalo Bayou nikiwa kwao, pazuri, alimradi uwahi kabla jua halijakaa sawa. Galveston, mji wa jirani, wana bahari. Lakini Julai joto linapita nyuzi 34 na unyevu juu yake, unatoka kuoga umeshalowa tena. Mji ni bapa kama meza. Milima ya kweli ya Texas iko magharibi kabisa, kutwa nzima barabarani. Na hatari ya hali ya hewa anayonitishia, yeye mwenyewe Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita alikaa bila umeme mpaka nyama ikaoza kwenye friji. Mbona sikumuuliza amekwenda kufanya kazi au kuoza?

Samahani, Shangazi, hasira.

Likizo iliyopita nilifika kwao na buti zangu za mlimani, nimezinunua mtumba, soli nimegundisha mwenyewe. Kaka alizishika kwa vidole viwili pale mlangoni akamwuliza wifi, "Hivi ndivyo vitabu vyake?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nikazipeleka gereji.

Sasa mabweni yetu hufungwa Desemba, na kila Krismasi nakaa kwake. Sina pengine pa kwenda. Hajasema kwamba nikienda Denver mlango utafungwa, hapana, si mtu wa hivyo. Lakini hajasema pia kwamba utakuwa wazi. Nitamwulizaje bila kuonekana nimeshaanza kupanga vya Desemba wakati vya Juni bado havijaisha?

Muda nao haunisubiri. Sisi wenye viza ya wanafunzi, F-1, kibali cha kazi ya mafunzo kinatolewa kwa mwajiri anayetajwa kwa jina, na lazima kiwe kwenye I-20, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, kabla ya siku ya kwanza kazini. Nikishaichagua moja, siwezi kuamka Juni nikasema nimebadili mawazo nahamia nyingine. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni imenikumbusha tena jana.

Marafiki wanasema nenda Denver, maisha ni yako. Wao hawajalipiwa ada na kaka. Mimi nimelipiwa, mwaka wa kwanza wote, na hajawahi kunisimanga kwa hilo. Ndiyo maana lile neno limeniuma. Kama angenipigia simu akasema, "Mdogo wangu, njoo tukae wote, nimekukumbuka," wallahi ningeenda Houston na joto lake. Hakusema hivyo. Aliuliza kundi.

Sitaki Houston. Nadhani sitaki. Nataka aseme nenda.

Nianze na mama au nimkabili yeye mwenyewe? Na hilo la kundi nilitaje, au nijifanye limepita? Ukiweza nijibu faragha, Shangazi, wifi husoma ukurasa huu.

Mimi mdogo wa watu