Si kila kifaa cha Pasifiki kililetwa na Cook

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vifaa vya Pasifiki vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya imerudia kauli moja kila ilipotaja ngao, joho au kitambaa cha gome: kwamba "kililetwa na Kapteni Cook", baharia Mwingereza aliyefanya safari tatu kubwa za Pasifiki. Kwa baadhi ya vifaa hivyo ushahidi upo. Kwa vingine ni dai lililobandikwa baadaye, na madalali wa London walijua fika kwamba jina hilo hupandisha bei.

Chukueni tukio la tarehe 29 Aprili 1770, mabaharia wa Endeavour, meli ya Cook, waliposhuka Botany Bay, Australia, wakafyatua bunduki na kuondoka na mikuki kadhaa ya Wagweagal, wenyeji wa hapo. Minne iliyosalia ilitolewa na Lord Sandwich, waziri wa jeshi la wanamaji la Uingereza, kwa Trinity College, Cambridge, mwaka 1771, ikapelekwa katika makumbusho ya chuo kikuu hicho mwaka 1914, na mwaka 2024 ikarudishwa kwa jamii ya La Perouse, Sydney. Kila hatua ina hati yake.

Ngao iliyoko British Museum, iliyodaiwa kwa miaka mingi kuwa iliangushwa siku hiyohiyo, ni habari nyingine. Namba yake ni Oc1978,Q.839, na herufi Q huwekwa kwa kifaa kilichokutwa bila rekodi ya usajili wa awali. Mbao yake ilipochunguzwa ilionekana ni ya mkoko wa jamii ya Rhizophora, ambao hauoti Botany Bay bali mamia ya kilomita kaskazini. Yawezekana mbao ilifika kusini kwa njia ya kubadilishana, lakini hilo nalo lahitaji kuthibitishwa. Ngao hiyo ina tundu lililodhaniwa kuwa la risasi, lakini uchunguzi wake pia haukuunga mkono hadithi hiyo.

Kazi ya kufuatilia kifaa kilikotoka hufanywa kwa kuanzia leo na kurudi nyuma. Kwanza kifaa chenyewe, ambacho hushikwa kwa glavu kwa sababu vingi vilipakwa dawa za wadudu zenye aseniki au zebaki. Hutafutwa namba za wino, mabaki ya gundi, uzi wa kibandiko na matundu ya misumari ya maonyesho ya zamani. Wino uliofifia huweza kuonekana chini ya mwanga wa urujuanimno. Kibandiko cha zamani kisibanduliwe, hata kama kina makosa, maana mwandiko wake huenda ndio pekee unaomtambulisha mmiliki wa pili au wa tatu.

Ndipo huja leja, yaani daftari la makumbusho la kusajili vifaa, na hapa wengi hujikwaa. Leja nyingi ziliandikwa miongo kadhaa baada ya vifaa kuingia, na karani alijaza nafasi ya "asili" kwa kusikia au kukisia. Neno "Cook" katika leja ya mwaka 1860 linaonyesha walichoamini watu wa 1860, basi.

Nyuma ya leja kuna orodha za minada. Makumbusho ya Sir Ashton Lever, mkusanyaji Mwingereza, yaliuzwa London mwaka 1806 kwa mnada wa siku 65, wenye mafungu zaidi ya 7,000. Nakala za orodha ambazo wanunuzi waliandikiwa majina pembeni ni hazina. Lakini kifaa kutoka kwa Lever si lazima kiwe cha Cook, kwa sababu makumbusho hayo yaliendelea kupokea vitu kutoka safari za baadaye. Kinachosaidia ni michoro ya Sarah Stone, aliyevichora vifaa vya humo miaka ya 1780. Kifaa kikionekana katika mchoro wenye tarehe, tayari kina kikomo cha wakati.

Kuna kipimo kingine, cha kalenda, ambacho hata mwandishi wa gazeti aweza kukitumia. Cook ndiye Mzungu wa kwanza tunayejua kwa hakika kuwa alifika Hawaii, Januari 1778. Kifaa cha Hawaii kilichokuwa Ulaya mwaka 1781 karibu hakika kimetoka safari yake ya tatu, na hakiwezi kutoka zile mbili za mwanzo. Tahiti kipimo hiki hakifai: Wallis wa Uingereza alikuwa amefika 1767, Bougainville wa Ufaransa 1768. Na mahali kifaa kilipopatikana si lazima ndipo kilipotengenezwa. Mwaka 1774 mabaharia walibeba manyoya mekundu kutoka Tonga, wakayabadilisha Tahiti kwa mavazi ya maombolezo.

Msiitegemee sana kaboni-14, kipimo cha maabara cha umri wa vitu vilivyotokana na viumbe hai. Kwa vitu vya kuanzia karne ya 17 hadi katikati ya ile ya 20, majibu yake hutawanyika mno kuweza kutenganisha mwaka 1770 na 1830.

Joho la manyoya ambalo Kalaniʻōpuʻu, chifu mkuu wa Hawaii, alimvika Cook Januari 1779 linaonyesha uzito wa mfululizo kamili wa wamiliki: Lever, kisha Bullock mwenye makumbusho London, mnada wa 1819, mnunuzi Charles Winn, makumbusho ya Wellington mwaka 1912, na Honolulu tangu 2016. Mkiandika "la Cook" hapo, hamna deni kwa msomaji. Pengo likiwepo, andikeni lilipo: "linahusishwa na safari ya tatu; halina rekodi kabla ya 1806". Ni maneno machache tu, na jamii zinazodai mali yao huanzia hapohapo kutafuta.

Msomaji wenu, mtafiti wa kumbukumbu za makumbusho