Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mafundi Seremala wa Mwanza

Ndugu wanachama, nawashukuru wachache mliofika. Shughuli za mwaka mnazijua: vikao vimekaa, rambirambi zimetolewa, wagonjwa tumewaona. Wanachama ni 58, waliomaliza ada ni 21, mapato shilingi 1,260,000, matumizi 1,085,000. Mengine atayasema mhazini.

Nije kwenye maneno ya vijiweni, kuanzia Mabatini hadi Igoma, kwamba mwenyekiti amemwaga fedha za chama kwenye kemikali za kupausha mbao. Kamati ilipitisha, na muhtasari upo. Wateja siku hizi wanataka makabati meupe, na mninga wetu ni wa kahawia nyekundu. Wenzetu wengine walikuwa wanapaka klorini ya kufulia. Ile huondoa madoa ya rangi za kutiwa, lakini rangi ya asili ya mti haiiwezi. Mimi ndiye niliyeshauri kemikali mbili, kostiki soda na haidrojeni peroksaidi, nalisema bila aibu. Zikikutana juu ya mbao, huvunja vitu vinavyoupa mti rangi. Wekundu unafifia, mbao inakuwa kama majani makavu.

Lawama kwamba meza za majaribio zilipoteza mng'ao siipokei. Dawa ile ina maji, na maji huinua nyuzi za mbao. Uso wenye nyuzi zilizosimama hutawanya mwanga ovyo. Inamia uutazame kwa ubavu, utaona ukungu. Nilieleza kwenye semina: suuza, pitisha siki kuua ukali wa kostiki, iache ikauke kabisa, piga msasa laini, ndipo upake vanishi. Semina ile walikuja watu tisa! Ambao hawakuja walipaka vanishi kwenye mbao ambazo hazijakauka, tena masika, halafu meza wakaniletea mimi. Mmoja alimimina peroksaidi kwenye kopo la bati lenye kutu. Ikatoa povu na kuisha nguvu kabla haijagusa mbao. Hilo nalo ni la mwenyekiti?

Wateja waambiwe mapema kwamba mbao iliyopaushwa ikikaa kwenye mwanga huanza kurudi njano. Na yeyote asichanganye klorini na siki. Gesi yake inakaba pumzi.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia suala la karakana ya pamoja, na mashine ya msasa fedha zikiruhusu. Wadaiwa wa ada wamwone mhazini kabla ya chakula. Orodha imebandikwa mlangoni.