Mdomo wa nani? Barua ya wazi kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Juzi kwenye harusi, biriani ilipochelewa na watu wakaanza kutafuta wa kumsema, zamu ikakufikia wewe. Shangazi yako akauliza umepata nafasi ya kusomea nini huko chuoni. Ukasema, "Fonolojia." Akafikiri kidogo, akasema, "Mashallah, simu zina pesa. Yule fundi wa Mwembe Tayari keshajenga ghorofa." Ukumbi mzima ukacheka, nawe ukacheka, lakini uso wako niliuona. Ukanitazama mimi, mjomba wako, mtu pekee pale aliyekula na kulea kwa kazi hiyohiyo. Nami nikajitia kushughulika na jagi la maji ya kunawa.

Nisamehe. Barua hii ndiyo maneno niliyoyameza siku ile, na nimeiweka wazi kwa sababu najua si wewe peke yako uliyegeuzwa fundi wa simu.

Nianze na marehemu nyanya yangu, ambaye ni nyanya wa mamako pia. Ulikuwa mdogo alipotutoka, sijui kama unaikumbuka sauti yake. Alikuwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, na Kimvita chake, lahaja ya mji huo, hakikuwahi kuomba ruhusa kwa Kiswahili cha shule. Macho kwake ni "mato". Kucheka ni "kuteka". Nilipokuwa mtoto nikimchokoza alikuwa akiniambia, "Usiniteke, enda kateke maji." Ukiyaandika hivi kwenye karatasi, "teka" hizo mbili ni ndugu pacha. Kinywani mwake hazikuwa hata majirani. Ile ya kucheka aliitamka ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno. Ile ya maji ulimi ulirudi ukagonga ufizi. Sikuwahi kumsikia akizichanganya, na wala hakujua kwamba kuna mtu angehitaji kufundishwa tofauti yake.

Hiyo ndiyo fonolojia, mpwa wangu, kama unataka jibu fupi la kumpa shangazi. Si orodha ya sauti. Ni kuuliza sauti gani katika lugha hii inabeba maana na ipi inapita tu. Tofauti ya meno na ufizi ipo katika vinywa vingi duniani, lakini kwa wengi haibadilishi neno. Kwa Nyanya ilitenganisha kicheko na ndoo. Kiswahili sanifu kiliizika tofauti hiyo kwa kuandika "cheka" upande mmoja na "teka" upande wa pili, kwa hiyo mtoto wa leo wa Mombasa anayesoma vitabu tu hana habari kwamba lugha ya mjini kwake ina "t" mbili.

Kwa "t" hizo mbili nilipata shahada yangu ya uzamili. Nilikwenda na redio kaseti ya kuazima, nikamketisha Nyanya barazani, nikamfanya aseme maneno mia mbili, kila moja mara tatu. Mara ya kwanza alidhani nimepotewa na akili. Mara ya pili alianza kunisahihisha, maana nilikuwa namsomea orodha kwa matamshi ya kidarasa. Kufikia mchana yeye ndiye alikuwa mwalimu. Akanipa maneno ambayo sikuyaandaa, akaniambia wapi watu wa Lamu husema vingine, akamwigiza hata jirani aliyekuja kuolewa hapa kutoka Pemba. Kaseti ilijaa upande A na upande B.

Tasnifu ilipofungwa jalada nikampelekea. Hakuwa akisoma herufi za Kizungu vizuri, alizoea zile za Kiarabu, basi nikamfunulia ukurasa baada ya ukurasa. Akauliza, "Na mimi niko wapi humu?" Nikamwonyesha jedwali: "M3, mke, miaka 71". Msailiwa wa tatu. Jina lake halikuwemo popote, hata kwenye shukrani, ambako nilikuwa nimewashukuru wasimamizi, maktaba na mtu aliyenichapia. Nyanya aliteka. Aliteka sana, kwa ile "t" ya meno. Halafu akasema, "Haya, Emu Tatu anakwenda kupika."

Nimeandika makala nyingi tangu hapo, na hilo ndilo lililonikaa.

Nakueleza haya kwa sababu taaluma unayoiingia ina tabia hiyo tangu zamani. Utafundishwa, na ni haki ufundishwe, juu ya Carl Meinhof, Mjerumani aliyeandika mwaka 1899 kitabu cha fonolojia ya lugha za Kibantu ambacho wote tuliofuata tumekanyaga juu yake. Alikuwa mchungaji katika kijiji kimoja cha jimbo la Pomerania, na alipokichapa hakuwa bado amekanyaga Afrika. Sikio lake lilifunguliwa na kijana wa Kameruni, Njo Dibone, aliyemfunza Kiduala. Majina ya aina hiyo ya pili huwa hayaingii kwenye swali la mtihani.

Au chukua sheria ya Dahl, utaipenda. Katika lugha kadhaa za huku kwetu, "k" ya mwanzo hulainika kuwa "g" ikifuatwa na silabi inayoanza na konsonanti isiyo na mghuno, yaani isiyotetemesha koo. Wakikuyu husema "kũruga" kwa kupika lakini "gũthoma" kwa kusoma. Wanyarwanda husema "kubona" kwa kuona lakini "gukora" kwa kufanya kazi. Hata jina la Wagĩkũyũ wenyewe limepitia mlango huo: ile "g" ya kwanza ilikuwa "k", ikaiogopa "k" ya pili. Sheria nzuri mno. Iligunduliwa katika Kinyamwezi, na imepewa jina la mmisionari, Edmund Dahl. Wanyamwezi walioitamka karne na karne hawamo. (Baadaye ilikuja sheria ya Katupha, ya Kimakhuwa, na huyo Katupha ni msomi wa Msumbiji. Kwa hiyo mambo huenda yakabadilika, ila polepole.)

Sitaki udhani nakukatisha tamaa. Kuna mfano mwingine ambao kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu, wapende wasipende.

Charles Kisseberth alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 1970 alichapisha makala kuhusu Kiyawelmani, lugha ya wenyeji wa California. Alionyesha kwamba kanuni kadhaa za lugha hiyo, ambazo ukizitazama moja moja hazijuani, zote zinavutia upande mmoja, kama watu waliokula njama. Neno hilohilo la njama ndilo alilolitumia kwa lugha yake. Makala ile ingali inasomwa, na nadharia iliyotokea mwaka 1993, ile ya mashartizuizi (makatazo ya lugha) yanayoshindana, ina deni kwake. Mtu angeweza kukaa juu ya makala moja kama hiyo na kula maisha yake yote.

Yeye akakaa na mtu wa Barawa. Mohammad Imam Abasheikh alikuwa amefika Illinois kusoma, na lugha ya kwao ilikuwa Chimwiini, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili, ya mji ulio pwani ya Somalia ambao wenyewe huuita Mwiini, yaani "mjini". Mwaka 1974 walitoa pamoja makala juu ya irabu ndefu za lahaja hiyo. Majina mawili juu ya makala moja: wa mdomo na wa daftari. Na huyo wa mdomo naye alikuwa na daftari lake, maana alipata uzamifu wake hapohapo Illinois kwa kuichambua sarufi ya kwao.

Sikiliza jinsi Chimwiini kilivyo kitamu. Sisi wa Kiswahili cha kawaida mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaona hiyo ni amri ya Mungu. Tunabakiwa na vijineno vichache vya kuvunja amri, kama "barábara" ya sawasawa na "barabára" ya magari. Mbarawa akisema "jíle", mkazo mbele, ni yeye amekula. Akisema "jilé", mkazo nyuma, ni wewe umekula. Kosea mkazo mezani kwa watu na umemsingizia mgeni nyama aliyoila mwenyeji. Irabu ndefu nazo zina mipaka yake: zinaruhusiwa karibu na mwisho tu, na viambishi vikiisukuma irabu ndefu mbali na mwisho, inafupika yenyewe. Kuyatambua hayo si kazi ya wiki mbili za mahojiano. Ni kazi ya mtu anayeweza kuamka usiku akasema, "Hapana, jana tuliandika vibaya, mama yangu hasemi hivyo."

Kamusi yao ya Chimwiini ilitoka mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: miaka 30 tangu ile makala. Katikati hapo, mwaka 1991, dola ya Somalia ilianguka, Barawa ikaingiliwa, na watu wake wakatawanyika. Wengine walifika hapahapa Mombasa, wengine wako Uingereza na Marekani, na watoto wao wanaongea Kiingereza mlangoni kabla hawajavua viatu. Nadharia ambazo makala ya 1974 iliandikwa kwazo zimepitwa. Walikuwa wakipanga kanuni kwa mtindo wa wanaisimu Chomsky na Halle wa 1968. Mwaka 1976 mwanaisimu mwingine, Goldsmith, akaja na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, zinazokaa katika ngazi yake pekee, hazishikamani na irabu kama tulivyodhani. Kisha hayo ya 1993. Nadharia zetu hubadilika kama mishono ya buibui, kila Idi na yake. Lakini Mbarawa wa leo aliyezaliwa ugenini akitaka kujua bibi yake alitamkaje, anafungua kazi ya wale wawili, nayo inamjibu.

Sasa mambo ya dunia, maana mamako atanipigia.

Shahada ya kwanza miaka minne, uzamili miwili kwenye karatasi na mitatu kwa kweli, uzamifu usiulize. Wangu ulichukua saba, mmoja kati ya hiyo ukiisha kwa sababu msimamizi alisafiri na sura yangu ya nne ndani ya mkoba. Bila uzamifu siku hizi hutoki kwenye ngazi ya mhadhiri msaidizi. Ukishatoka, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila kidato kinadai makala, na majarida yanayohesabiwa sana yanataka Kiingereza, hata ukiandika juu ya "t" ya Nyanya. Mshahara unajua ukubwa wake kwa kuhesabu migomo. Fonolojia yenyewe utaifundisha kipindi kimoja kwa mwaka ukiwa na bahati. Mengine ni "Utangulizi wa Isimu" kwa watoto mia nne na mitihani yao ya kusahihisha. Vifaa vimekuwa rahisi, hilo nakuonea wivu. Mimi nilikuwa narudisha kaseti kwa penseli. Wewe una programu ya Praat, ya bure, iliyotengenezwa Amsterdam, inayokuchorea sauti kwenye kompyuta kama mawimbi ya Nyali.

Kuna pia hawa wa mashine zinazosikia na kusema. Kiswahili kimo, watu wanajitolea kusoma sentensi na sauti zao zinakusanywa. Ni kazi halali na ina malipo kuliko yetu. Nilijaribu moja hivi karibuni. Inaongea kama msomaji wa taarifa ya habari aliyeshiba. Nikaiambia "mato", ikaandika "matokeo". Huko nako wanahitaji mtu atakayeuliza swali la mdomo wa nani, na heri awe wewe.

Neno moja tu la kazi, halafu nikuache. Chagua lugha moja na ukae nayo. Usiwe kama wale wanaoruka na mfano wa hapa na wa pale, lugha kumi katika makala moja, na hakuna hata moja wanayoweza kuombea maji. Na siku ya kwanza ya kurekodi, kabla hujabonyeza chochote, muulize mwenyewe anataka aandikwe vipi. Wengine watataka kufichwa, wana sababu zao. Wengine watataka jina kamili na la baba na la babu. Andika kama alivyosema.

Kaseti ya Nyanya ninayo mpaka leo, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Utepe umeanza kunata na redio ya kuichezea iliharibika zamani. Nimesikia yule fundi wa Mwembe Tayari anaweza kuzihamisha kaseti za zamani ziingie kwenye simu. Jumamosi baada ya adhuhuri nipitie twende wote, na ubebe daftari. Nataka uzisikie hizo "t" mbili kabla hujasoma nilichoandika juu yake, uniambie kama nilisikia sawa.

Mjomba wako